Kwapa la Sauti ya Tatu

Jumatatu, 4 Mei

Mazoezi ya kwaya, Mirongo. Mwalimu kaleta wimbo wa mikono juu. Balaa! Mimi nashinda juani mwaloni, pale ziwani, nikianika dagaa. Nilipoinua mikono tu, Prudencia wa sauti ya pili akageukia dirishani. Prudencia huyuhuyu ninayetaka kumposa! Mutayoba wa sauti ya nne akatangaza kuna panya amefia ukumbini. Alikuwa ananitazama mimi. Mshenzi.

Jumanne, 5 Mei

Mpango: limao. Jirani yangu Mama Chenge anaapa linakata kikwapa. Nikanyoa kwanza, nikapaka. Mama yangu! Nimezunguka uani mikono nimeitanua kama kuku anayekausha mabawa. Mama Chenge kauliza kama nimepandisha mashetani.

Alhamisi, 7 Mei

Ngosha kinyozi kaniazima deodoranti ya kupuliza. Kasisitiza nioge, nijikaushe, nipulize kidogo. Kuoga tena, na dawa ipo? Nimepuliza juu ya shati, nusu kopo. Mazoezini, mikono juu! Prudencia akakohoa mpaka machozi, akatoka nje. Mutayoba akamkimbilia na maji. Nimekwisha. Sijala. Nampenda yule dada, jamani.

Jumamosi, 9 Mei

Prudencia kaja mwaloni! Nikarudi nyuma, mikono nimeibana. Akacheka. Kasema ile Jumatatu aligeuka kwa aibu: sare ya kazini ilikuwa imemtoa jasho, akadhani panya wa Mutayoba ni yeye. Maskini! Wiki nzima tumeogopana bure. Kanipa kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kukata kikwapa, alichokigawa kutoka kwenye chake. Nioge, nikiloweshe, nipake, basi. Kasema jasho ni la kila mtu, ila kujipaka ni kumheshimu anayekaa karibu yako. Nikauliza kama naruhusiwa kukaa karibu. Kasema nianze kwa kuwasalimia wazazi wake kesho. Nimelia kidogo nyuma ya turubai.

Jumapili, 10 Mei

Nimeoga. Nimepaka. Nimenukia kama mtu tu. Mzee Antoni, baba yake, kaitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, kanipa buni za kutafuna, ile heshima ya Wahaya kwa mgeni. Prudencia kanishika mkono hadharani!

Tatizo moja. Viatu vya mzee pale mlangoni, vinanuka! Aibu hiyo sikutaka aipate mkwe wangu. Nimeondoka navyo kimyakimya, nimevijaza mafuta ya taa mpaka juu, yaue harufu. Kesho asubuhi namrudishia. Atafurahi sana.