Jinsi Mama Theopista Alivyomwajiri Msimamizi wa Bustani ya Mpanda

Tegeni masikio, enyi wa Majengo na Kawajense, nanyi mliohamia juzi na mifugo yenu. Mwenye sufuria motoni na aiepue, kwa maana inasimuliwa habari ya Theopista, binti wa Ufipa, mwenye miwani ya kusomea na sauti ya kunyamazisha mkutano, mwenyekiti wa Kamati ya Bustani, na jinsi alivyoajiri msimamizi wa ujenzi katika mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi ile aliogopa, na sababu alikuwa nayo. Mwaka uliotangulia, kwa kura yake yeye, aliteuliwa fundi mpole asiyebishana na mtu, akajenga choo cha stendi chenye milango ya kufungukia ndani na vyumba vidogo hata aliyeingia hakuweza kuufunga mlango nyuma yake. Mji mzima ukakiita Choo cha Theopista. Wajumbe wakaapa kwamba akikosea tena, kiwanja cha bustani kitageuzwa mnada wa ng'ombe, na mama wa watu akajiona akizeeka na jina lile.

Wa kwanza wa waombaji kazi watatu kuingia uwanjani, yaani chumba cha kamati, alikuwa Cletus, simba wa vyeti, aliyeshuka kwenye treni ya Tabora na suti ya kijivu na bahasha nene ya kaki. Theopista akanena, "Katikati ya bustani nataka chemchemi, maji yaruke juu usiku na mchana, kama ile ya kwenye kalenda yangu. Yawezekana?"

"Inawezekana, mheshimiwa," akajibu Cletus, wala hakuuliza swali.

Akafuata Heri wa Majengo, mjenzi wa nyumba thelathini. Naye akasema inawezekana, akaongeza kwamba zinawezekana hata mbili. Theopista akavua miwani, maana neno hilohilo ndilo alilokuwa akiambiwa na yule fundi wa choo kila Jumatatu.

Ndipo akaja Luhende mwana wa Machibya, Msukuma mrefu, buti zake zina tope kwa kuwa alikuwa ameanza kupitia kiwanjani. Na kwa kuwa Mfipa na Msukuma ni watani, vita vikaanza kabla hajakaa.

"Wewe Msukuma bustani umeijulia wapi? Kwenu majani si chakula cha ng'ombe?"

"Ndiyo maana nayajua, mama. Nyie Wafipa mnayachuma kwa dawa tu."

Wajumbe wakacheka. Theopista akanyoosha mgongo, akatoa silaha yake kuu, akaieleza ile chemchemi kuanzia chini hadi juu.

"Mtani," akasema Luhende, "bomba la huku linatoa maji mara ngapi kwa wiki?"

"Mara mbili, Mungu akipenda."

"Basi haiwezekani. Hapo nitakuwa nimekujengea beseni la kuzalishia mbu, na watu wataliita kwa jina lako."

Theopista akatafuta hasira, akaikosa, kwa kuwa tangu enzi za mababu mtani hakasirikiwi. Alichokipata ni uchungu tu. Kalenda ile ilikuwa ya mwaka juzi, na hakuwahi kuibandua ukutani kwa ajili ya picha hiyo moja.

"Andika," akamwambia Salvatori, katibu wa kamati. "Luhende anaanza Jumatatu."

"Na chemchemi, mwenyekiti?"

"Ifute."

Akaitazama kalamu ikipita juu ya neno lile mara mbili, ikamuuma, wala hakuficha. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Basi na iandikwe katika historia za miji mikubwa na midogo, kwamba siku hiyo Mpanda iliajiri mtu aliyesema haiwezekani, na wajumbe wote wakaenda kula.