Robota la Fidla

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza daftari hili ili mambo yawe kwenye maandishi. Watu wa nyumba hii husahau niliyosema, hasa pale ninapopatia.

Mjukuu wangu mkubwa anaolewa Jumamosi. Nimemtungia wimbo wa kuingilia ukumbini. Mdogo wake, tunayemwita Waya kwa kuwa haonekani bila waya masikioni, amenirekodi chumbani kwake, blanketi limetundikwa dirishani ili mbwa wa jirani asisikike. Sauti imetoka safi. Sikushangaa.

Leo nasikia bibi yake bwana harusi naye kaleta wimbo. Mimi humwita Bi Pambo, maana bangili zimempanda mpaka kwenye kiwiko. Wimbo wake una fidla. Bi harusi kasema nyimbo zote mbili zimfikie Ijumaa kabla ya magharibi, achague mmoja. Wangu una mimi na makofi.

Waya kasema siku hizi fidla haihitaji mpigaji. Zinauzwa ndani ya kompyuta, zimerekodiwa sauti moja moja, yeye kazi yake kubonyeza vitufe zikalia. Akanionyesha bei. Nikauliza kama na mpigaji anakuja nazo, tumlishe. Bei ya kwanza silipi. Sijawahi.

Jumanne, 10 Juni

Nimemfundisha Waya kununua. Shuleni niliishia darasa la nne, lakini miaka arobaini nimeuza mitumba na hili nalijua. Shika nguo, ipime kifuani, zungumza na muuzaji mpaka akuzoee, kisha iweke chini uondoke polepole. Hufiki kibanda cha tatu hujaitwa.

Basi nikamwambia atie fidla kwenye kikapu cha lile duka la kompyuta, aandike jina na anwani yake, halafu afunge. Akasema Bibi, hii ni tovuti, haina macho ya kuona tunaondoka. Nikamwambia muuzaji asiye na macho hajazaliwa. Kafunga huku kanuna.

Jumatano, 11 Juni

Wameita.

Ujumbe umeingia asubuhi nikikoroga chai: umesahau kitu kikapuni, rudi tukupunguzie robo. Nimemtaka Waya ausome mara mbili, ya pili kwa sauti, na dirisha nikalifungua.

Waya akasema haya, tulipe. Nikasema ondoka tena. Akasema leo ni Jumatano na anahitaji siku nzima kuzipanga hizo fidla kwenye wimbo. Nikamwambia haraka ndiyo iliyomvalisha mtu suruali ya mguu mmoja. Akasema nimeitunga sasa hivi. Nimeitunga, ndiyo. Methali zote kuna aliyezitunga.

Alhamisi, 12 Juni

Wameita tena, na safari hii wameleta robota zima. Fidla, ngoma, filimbi, vinanda, tarumbeta. Ala arobaini, kwa bei inayopita kidogo tu ile ya fidla peke yake. Mwisho saa sita mchana.

Moyo ulinidunda kama ile siku niliyofungua robota la mitumba nikakuta makoti matupu, hakuna hata moja lililochanika. Nani atanunua blauzi moja na robota liko mlangoni? Fidla tunachukua sisi, arobaini kasoro moja tunauza rejareja.

Waya akaanza kusoma masharti. Ati ala ni za mnunuzi peke yake, haziuzwi, hazitoki kwenye kompyuta yake. Nikamwambia kila robota lina maandishi, na sijaona mteja aliyevaa maandishi. Tumelipa. Hata adhuhuri haijafika, kinyozi wa barabara ya pili keshasema anazitaka ngoma, na mwalimu wa kwaya anataka kinanda.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya.

Waya alitaka kupakua fidla tu, amalize wimbo. Nikakataa. Robota halifunguliwi nusu. Ukichomoa nguo moja ukaziacha nyingine njiani, ukirudi zina wenyewe. Nikamwamuru alete zote, nikaweka kiti nikalinda. Zikaanza kuingia kwa zamu. Ngoma kwanza. Saa nne, ngoma. Saa sita, bado ngoma. Sikujua dunia ina ngoma nyingi hivyo. Fidla zimepangwa mwisho kabisa.

Alasiri Bi Pambo kapita, ati kusalimia. Kauliza mwenzangu, unapakua tangu asubuhi, hicho chungu hakina chini? Nikamjibu kuwa chungu cha watu wengi ndivyo kilivyo, chake kimelisha mmoja kikaisha. Kacheka, na bangili zote zikacheka naye.

Saa kumi na moja kompyuta ikaandika kuwa imejaa. Fidla zikabaki nje. Waya akaomba tufute ngoma. Ngoma za kinyozi? Nimeshamwahidi. Akaomba basi tupeleke wimbo kama ulivyo, muda upo, ni kubonyeza tu. Nikasema sipeleki kitu nusu. Jua likazama tunabishana.

Jumamosi, 14 Juni

Bi harusi kaingia kwa wimbo wa Bi Pambo. Nimeusikiliza wote, mpaka mwisho, nimekaa wima.

Waya akaninong'oneza kuwa fidla zile anazijua. Ni za bure. Huja na programu yenyewe ya kurekodia, hata yeye anazo tangu mwaka juzi. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alianza kusema Jumatatu, nikamkatiza kwamba cha bure huliwa na panya, asikitaje tena. Nimeangalia daftarini, Jumatatu. Haimo.

Kisha bi harusi akanijia, na gauni lake lote lile. Akaniuliza Bibi, mbona wako sikuuona? Akasema alikuwa anaungoja huo huo, hata wa makofi, na habari ya kuchagua aliisema kwa kuwastahi wakwe tu. Nikamwambia mjukuu wangu haingii ukumbini na kitu kisichopigwa pasi. Hakucheka. Nikamshikia shela lisiburuzike, maana mikono yangu ilihitaji kazi.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiri tangu alfajiri. Kosa ni la kompyuta, ni ndogo. Kwingine kote sikukosea.

Tena nimeyarudia yale masharti, neno kwa neno. Yanasema ala zisitoke kwenye kompyuta. Hayasemi wateja wasiingie. Basi kesho saa mbili kinyozi anakuja kupigia ngoma zake chumbani kwa Waya, saa tatu mwalimu wa kwaya na waimbaji wake sita. Bi Pambo nimemwekea filimbi, kwa bei ya mkwe, yaani juu kidogo. Benchi nimeshaliazima.

Waya kusikia hivyo kajifungia kwa ufunguo. Kasema yeye hatoki na mtu haingii. Sawa. Kitasa kile nilikinunua mimi, kwa bei ya kutupa. Asubuhi hakifiki.