Mashimo Mapana ya Nazari

Jumatatu, 1 Machi 1993
Nimejipima kwenye mwimo wa mlango. Sijaongezeka hata unywele. Pacha wangu Devotha amenipita vidole vinne. Na tumezaliwa siku moja! Mwalimu wa sayansi anasema darasa la sita ndivyo lilivyo: wasichana hutangulia, wavulana hufuata. Hufuata lini? Hakusema.

Jumamosi tunaandaa ngolo, mashimo ya shamba letu la maharage. Wanaume hulaza nyasi kwenye kingo za miraba, wanawake na watoto huchimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Miaka yote nimechimba na mama. Binamu Kilian amenizidi miezi mitatu tu, lakini sauti imekuwa nzito na mwaka huu analaza. Mimi nichimbe tena? Sitaki.

Jumatano, 3 Machi
Dawa imepatikana! Mchuuzi wa mitumba amepita. Nimempa jogoo wangu, amenipa suruali ndefu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mnene sana. Nimeifunga kwa kamba. Jioni nikamwamkia baba kwa sauti ya tumboni. Akauliza kama nina mafua.

Jumamosi, 6 Machi
Nimewahi shambani kabla ya wote. Nimelaza safu nzima peke yangu. Baba hupima mraba kwa hatua mbili. Mimi nikapiga mbili ndefu, na ya tatu ya heshima. Kazi safi!

Wakaja wanawake na majembe. Mama akaingia mraba wa kwanza, akatupa udongo. Haukufika kwenye nyasi. Akaniangalia.

"Nazari, hapa tunapanda maharage au tunazika ng'ombe?"

Kilian alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alisema hakuna kupanga upya, aliyelaza ndiye atakayechimba, safu yote. Nilitamani kuingia ndani ya suruali nisionekane. Devotha akaja. Alishika jembe akaanzia upande wa pili. Leo nimempenda sana. Kesho nitaacha.

Jumapili, 14 Machi
Wiki nzima tumechimba, kila siku baada ya shule. Jana tumemaliza. Mikono yangu imeota sugu, na ninakula ugali kumshinda Kilian.

Leo baada ya misa nikamwamkia baba. Shikamoo ikaanza kama mbuzi, ikaishia kama ng'ombe. Safari hii sikuigiza! Baba akanishika bega, akalibonyeza kama anayechagua boga.

"Mwakani utalaza nyasi pamoja nami. Hatua nitakuonyesha mwenyewe."

Furaha ilinijaa. Nikakimbilia mwimoni kujipima. Nusu kidole! Devotha anasema nilikuwa nimevaa viatu, na kwamba sauti ni umri tu, mwalimu alishasema. Maskini, haelewi. Umri ninao tangu zamani na haukunisaidia kitu. Kilichonikuza ni yale mashimo, na kadiri shimo linavyokuwa pana ndivyo mtu anavyokua.

Mwakani napiga hatua nne. Baba nitamweleza tukishamaliza.