Kwa Nini Ubao Huu Ni Mwepesi Hivi?

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimegundua njama. Bado sijui ni njama gani, lakini ipo.

Tulikuwa kwa Verlene Haskew, fundi wa magitaa, mimi na Garland Pruett. Kila mmoja wetu anatengenezewa gitaa la umeme kabla ya tamasha la nyumbu, wale wa punda na farasi, hapa mjini Columbia. Bendi yetu hupiga siku ya kwanza, nyumbu wanapopita barabarani wamevishwa maua. Mimi ndiye husimama mbele. Miaka kumi na tisa! Sasa mwenye bendi, Estill Rucker, amesema magitaa yakiwa tayari anataka kutusikiliza wote wawili. Kutusikiliza! Ananisikia tangu nina nywele, leo ndiyo anataka kunisikiliza.

Garland alihamia kutoka Alabama mwaka juzi. Ana meno yote na anamsalimia kila mtu. Verlene alituambia tuchague mbao za bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa. Garland akasema nitangulie mimi, kaka mkubwa. Nikaona naingizwa mkenge. Nikamwambia atangulie yeye. Akakataa kwa adabu. Nikakataa kwa adabu zaidi. Tuliendelea hivyo mpaka Verlene akazima taa akaenda kula.

Jumanne, 4 Februari

Nimerudi peke yangu na mizani yangu ya samaki.

Kumbe mambo yameshapangwa. Garland amewekewa mahogani. Ratili tisa, nyekundu, inang'aa. Mimi nimewekewa ubao wa eshi, ule mti unaoota kwenye kinamasi. Ratili sita tu! Rangi ya majivu. Una tundu moja la mdudu. Nyuma jina langu kwa chaki: HOLLIS.

Nimemuuliza Verlene umetoka wapi. Akasema ameuleta Estill mwenyewe asubuhi, ameufunga kwenye blanketi, akasema ni wangu. Basi.

Maswali. Kwa nini hakuniletea nyumbani? Nakaa barabara ya pili kutoka kwake. Kwa nini blanketi? Mtu hufunika kitu asichotaka kionekane. Na kwa nini ni mwepesi hivi? Kitu kizito unajua kilichomo ndani. Chepesi kimeliwa.

Verlene akanionyesha jinsi ya kuusikiliza. Unaushika pembeni kwa vidole viwili, unauacha uning'inie, unagonga kwa kifundo cha kidole. Nikagonga. Ukalia muda mrefu, kama sahani ya bibi yangu. Verlene akafumba macho akatabasamu. Nikagonga mahogani ya Garland. Dup. Ikanyamaza.

Nimefikiri njia nzima. Ubao unaopiga kelele vile una la kuficha.

Jumatano, 5 Februari

Utafiti. Nimegonga mlango wa jikoni, meza, kitanda, na kabati la mama mkwe. Yote dup. Samani zote za kuaminika katika nyumba hii ni dup.

Maurine, mke wangu, aliuliza kama tuna mchwa. Nikamweleza. Akasema kama muda wa kugonga makabati ningeutumia kupiga gitaa, Estill asingehitaji kunisikiliza. Nikamuuliza amejuaje habari za kusikilizwa. Akasema mimi ndiye nimemwambia mara nne. Inawezekana.

Jioni kanisani, kwenye sala ya kimya, niligonga benchi kidogo tu. Bibi Opal Crutcher, aliyekuwa amesinzia mbele yangu, akaitikia kwa sauti, "Ingia, mlango uko wazi!" Mchungaji akafungua macho. Nikamwangalia Bibi Opal kwa mshangao, kama watu wengine wote.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefanya.

Nilimpelekea Verlene pai ya njugu za pikani. Nilijua karakana haina uma. Alipokwenda kuzitafuta nyumbani kwake, nilitoa kitambaa nikafuta HOLLIS kwenye eshi, nikafuta GARLAND kwenye mahogani. Nikaandika upya, kinyume. Nimeiga hata mwandiko wake, ile G yenye mkia.

Aliporudi tukala pai. Akanisifu, akasema sikuwahi kumletea kitu tangu anifahamu. Nikamwambia moyo wa mtu hubadilika.

Sasa Garland na apige hicho kibanzi chake. Mahogani yangu! Ratili tisa za ukweli. Maurine ameuliza chaki kwenye suruali imetoka wapi. Nimesema nilikuwa namsaidia mtu. Na kweli, mtu huyo ni mimi.

Jumamosi, 8 Februari

Mazoezi kwenye ghala la Estill. Nimechunguza kila mtu.

Estill alikaa kwenye kiti chake bila gitaa. Akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Enhe, Hollis, ule ubao umeuonaje, bwana?" Nikamwambia, "Si mbaya, asante," macho nimeyabana ajue kwamba najua. Akangoja kidogo, kama mtu anayetarajia niongeze neno. Sikuongeza. Akasema anakwenda kuwaangalia nyumbu. Nyumbu walikuwa wameshalishwa! Niliwaona mwenyewe, wanatafuna.

Garland alipiga vizuri. Anafanya makusudi.

Jumapili, 9 Februari

Yamefichuka. Garland amenivizia nje ya kanisa, kofia mkononi. Akasema, "Kaka, Verlene kachanganya majina. Ubao wa eshi umeandikwa jina langu, lakini pembeni umechomwa herufi R.R. Hiyo alama ya marehemu baba yake Estill. Huo lazima uwe wako, mtu wake wa miaka yote. Nimeurudisha na majina nimeyasahihisha. Estill sijamwambia, asije akasikia vibaya."

Ameurudisha! Ngoja niandike tena. Ameurudisha! Nani hurudisha ubao mzuri? Bila shaka aliugonga, akasikia uozo, akatafuta mahali pa kuutupa. Nikamshukuru kwa kumpa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu kabisa. Mwongo aliyezoea hatoki jasho.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda na pai ya pili. Verlene alikuwa amesimama mlangoni. Akasema pai niweke, chaki nitoe. Kweli, ilikuwa mfukoni.

Akanikalisha juu ya rundo la mbao akaniambia habari yote. Mti ule mzee Roscoe Rucker aliukata mwaka wa mafuriko, kwenye kinamasi chake mwenyewe. Ubao umekaa ghalani miaka arobaini, ndiyo maana mwepesi, maji yote yamekwisha. Unatosha gitaa moja. Estill aliutunza ajitengenezee mwenyewe, kila mwaka akisema mwaka ujao. Sasa vidole vyake vimekakamaa, kikombe tu anakishika kwa shida. Alipouleta alimwambia Verlene, "Mimi basi tena, dada. Mpe Hollis. Kasimama mbele yangu miaka yote, na ubao wa mzee usimame mbele naye. Usimwambie habari za vidole. Sitaki anionee huruma."

Nikamuuliza, na kutusikiliza? Akasema hakuna mashindano yoyote. Mtu anataka kusikia mti wa baba yake unalia vipi, na Garland alialikwa aitikie nyuma.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia nimekaa juu ya mbao, na Verlene akanipa kitambaa chenye gundi. Mimi ni mtu wa hovyo. Kesho asubuhi naanzia kwa Estill, naomba radhi, namshika ile mikono yake.

Jumanne, 11 Februari

Nimeamka na akili safi. Asante Mungu sikukurupuka.

Nimepanga jambo lote mezani wakati Maurine anakaanga mayai. Kwanza, Verlene alikuwa na kitambaa tayari. Alijuaje kwamba nitalia? Pili, vidole. Mtu yeyote anaweza kushika kikombe kwa mikono miwili, mimi mwenyewe nimejaribu, ni rahisi sana. Tatu, Garland, Verlene na Estill wote wanataka nichukue ubao uleule. Watu watatu! Hata Maurine akasema, "Hollis, uchukue tu ubao wa watu, useme asante." Wanne.

Nimekwenda moja kwa moja karakana. Nikamwambia Verlene eshi ampe Garland, mimi nachukua mahogani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena. Mara ya tatu aliuliza polepole, huku ameweka mkono juu ya ile alama ya R.R. Nikamwambia mimi si mtoto. Akaandika majina kwa kalamu ya wino, akawasha msumeno, akanipa kisogo. Nimesimama pale mpaka mbao zote mbili zimekatwa, nisije nikabadilishiwa.

Jumatano, 12 Februari

Estill amepiga simu saa sita mchana, nakula maharage na mkate wa mahindi. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ameuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na Garland kijana mzuri, anastahili. Akasema basi Garland ndiye atakayesimama mbele siku ya nyumbu, kwa kuwa ubao wa mzee lazima uwe mbele, na mimi nitaitikia nyuma karibu na ngoma. Nikangoja anitukane ili nijue anachofikiri. Hakunitukana. Akasema tu, "Sawa, Hollis," akakata.

Miaka kumi na tisa nafahamiana na mtu huyu. Siku zote tukimaliza kuongea huniuliza hali ya Maurine. Leo, sawa tu.

Mtu hasemi sawa kavu namna hiyo kama hana analolipanga. Kesho naanza kumfuatilia.