Natafuta Chumba Kisicho na Kelele

Jumatatu, 23 Januari 1956
Upepo wa jana umeng'oa mabati yote ya bweni letu. Vitanda vimelowa, vitabu vimelowa, blanketi langu nililotoka nalo Tukuyu linanuka mbuzi. Mwalimu Mkuu ametukusanya asubuhi. Amesema matengenezo yatachukua muhula mzima, kwa hiyo kila mwanafunzi wa ualimu ajitafutie chumba mjini, kwa watu wa dini, na jina la nyumba limfikie mezani Ijumaa.

Wenzangu wamefurahi mno. Iringa mjini, mwezi wa kwanza, pombe ya ulanzi ndiyo kwanza inaanza kutoka kwenye mianzi! Marcelino wa Njombe amekaa pale pale kusugua viatu vyake vya dansi. Mimi nimefikiria umri wangu. Miaka ishirini na minne, na mtihani wa mchujo nimeshaanguka mara moja. Mwingine ni Jumatano ya tarehe 15 Februari. Anayeanguka mara ya pili anafunga sanduku. Na mama yangu, Tusajigwe, ameshawaambia watu wote kanisani kwetu kwamba mwakani mimi ni mwalimu.

Sipendi mji wa usiku. Sipendi pombe, ngoma wala gramafoni. Wenzangu wanadhani ni ucha Mungu. Ukweli ni kwamba watu wakianza kucheza sijui mikono yangu niiweke wapi. Hilo naliandika hapa tu.

Jumanne, 24 Januari
Nimekagua nyumba tatu.

Ya kwanza kwa Bwana Kalinga, Mlandege. Chumba kizuri, meza ipo, dirisha lipo. Chini ya dirisha kuna benchi, na juu ya benchi wanaume saba wanakunywa ulanzi. Bwana Kalinga amesema nisiwe na shida nao, hao ni shemeji zake. Nimeuliza kama huwa wanakuja kila siku. Amesema shemeji hawaishi.

Ya pili imegusana na ukumbi wa dansi. Mwenye nyumba ameisifu: muziki unausikia ukiwa kitandani, na hulipi kiingilio.

Ya tatu, ya Mama Verediana, pia Mlandege. Mjane. Mumewe Liberatus alifariki Oktoba. Alikuwa mpiga kodiani, arusi zote za kutoka hapa mpaka Kihesa alipiga yeye, na Jumamosi nyumba hii ilikuwa haina pa kukaa. Sasa hakuna mtu. Kodiani yenyewe iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa. Mama ameuliza kama napenda mazungumzo. Nimejibu napenda kusoma. Amesema pole.

Ana vyumba viwili vya wanafunzi, na amesema anataka vyote vijae ili nyumba iwe na sauti. Nimechukua kimoja. Nimesimama humo ndani dakika kumi, sikusikia kitu. Karibu nilie kwa furaha.

Alhamisi, 26 Januari
Balaa. Marcelino anataka chumba cha pili. Amesikia kuna kodiani. Ana kinanda cha mdomo, ana miguu isiyotulia, na ana marafiki kumi na mmoja.

Nimefikiri wakati wote wa somo la hesabu. Baada ya somo nimemvuta pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba namtakia mema. Ile kodiani ya marehemu, nimesema, saa kumi jioni hulia yenyewe. Nimesikia kwa masikio yangu. Nimemwomba asimwambie mtu.

Kufikia chakula cha jioni chuo kizima kinajua. Marcelino ameandikisha jina la Bwana Kalinga. Chumba cha pili hakina mtu wala hakitapata. Nimekula sahani mbili za maharage.

Jumapili, 29 Januari
Nimehamia. Kimya kitamu. Kasoro moja: Mama Verediana anabisha hodi. Ameleta chai. Halafu amekuja kuuliza kama Mbeya kuna baridi kama hapa. Halafu ameleta picha ya arusi ya binti yake Tekla, aliyeolewa Madibira. Liberatus amesimama nyuma na kodiani yake, anacheka mdomo wazi. Nimesema picha nzuri, nikaendelea na jiografia.

Nimebandika karatasi mlangoni: NINASOMA. Baada ya robo saa amebisha hodi. Hajui kusoma. Alitaka kujua karatasi inasemaje. Nimemsomea. Amesema karatasi imesema vizuri, akaenda zake jikoni.

Alhamisi, 2 Februari
Kila Alhamisi akina mama wa rozari walikuwa wakija hapa kusali, ndio wageni pekee waliobaki tangu msiba. Leo hakuja hata mmoja. Mama alikuwa amechemsha sufuria nzima ya mahindi. Amekaa mlangoni mpaka mahindi yakapoa. Nimekula sita kwa kumsaidia.

Paskalina, jirani, amepita upande wa pili wa barabara akiwa amejifunika kanga mpaka puani. Mama amemwita. Wamezungumza muda mrefu pale barabarani. Mimi nilikuwa dirishani na kitabu. Nilijua ni habari ya kodiani.

Nilijiandaa kufukuzwa. Badala yake Mama amekuja polepole, hakubisha hodi, akakaa kitandani kwangu. Uso wake ulikuwa kama wa msichana.

"Asukile mwanangu," amesema, "mbona hukuniambia mimi? Alipiga wimbo gani?"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Lakini alikuwa ananitazama. Nimesema ulikuwa wimbo wa taratibu.

"Wa taratibu. Ule wa arusi ya Tekla?"

Nimesema huenda.

Amefunika uso kwa mikono. Nimedhani analia, kumbe anacheka.

Jumamosi, 4 Februari
Mama haendi tena shambani. Ikifika saa tisa anaoga, anavaa kitenge kizuri, anaondoa kitambaa juu ya kodiani na kuketi mbele yake. Anaweka vikombe viwili vya chai. Saa kumi na mbili anamwaga kimoja. Halafu anakuja kuniuliza kama leo nimesikia chochote, maana yeye masikio yake yamezeeka. Nasema leo hapana. Anasema basi kesho.

Paskalina amekuja kusema nguruwe pori wamemaliza mahindi ya upande wa mtoni. Mama amemwambia anyamaze kidogo, saa kumi imekaribia.

Siwezi kusoma. Nilitaka nyumba yenye kimya nikaipata, lakini kimya cha mtu anayesubiri hakisomeki. Nimerudia ukurasa mmoja wa historia mara tisa.

Jumatatu, 6 Februari
Nimepata dawa. Nimewaza hivi: Mama anataka kusikia mara moja tu. Akishasikia, moyo wake utatulia, atarudi shambani, nami nitarudi kwenye historia. Saa tisa u nusu alitoka kwenda kuanua nguo nyuma ya nyumba. Nimeingia sebuleni, nimevaa kodiani. Nzito kuliko nilivyodhani. Nimevuta.

Imetoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Nimeogopa, nimesukuma ili inyamaze, ikazidi. Mkanda umenasa kwenye kifungo cha shati. Nimesikia miguu inakuja mbio uani, na kitu kimeanguka, na sauti yake inaita, "Liberatus! Liberatus, ngoja!"

Ameingia. Shuka bichi limemning'inia begani. Amenikuta katikati ya chumba, nimefungwa na kodiani kama mbuzi wa mnadani.

Sikujua mikono niiweke wapi.

Ametazama. Nimemwambia yote kwa mkupuo: Marcelino, chumba, mtihani, kwamba sikusikia kitu hata siku moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza amenifungua mkanda taratibu, kifungo kisikatike, akairudisha kodiani mezani.

"Liberatus hakukosea namna hiyo hata akiwa amelewa," amesema.

Kisha ametoka kuanua nguo zilizobaki. Chai haikupikwa. Nimesoma kurasa kumi na nne. Sikumbuki hata moja.

Jumanne, 7 Februari
Tekla amefika kutoka Madibira na mfuko wa mchele na mtoto mgongoni. Amekaa na mama yake jikoni tangu asubuhi. Mchana ameniita uani. Nilitarajia matusi, nimeshapanga majibu.

Hakutukana. Amesema Oktoba mama yake alilia wiki tatu, halafu akaanza kula, halafu akaanza kwenda shamba, na Krismasi aliimba kanisani. Jana usingizi haukumpata. Amesema, "Kaka, sisi baba tulishamzika. Wewe umetuzikisha mara ya pili."

Nimesema nilikuwa natafuta utulivu tu. Amesema nikautafute pengine. Nimefunga sanduku. Mama Verediana hakutoka chumbani, ila juu ya sanduku langu nimekuta mahindi manne ya kuchoma, bado ya moto.

Ni haki yao kunifukuza. Ila naona kosa langu lilikuwa moja: sikujifunza kodiani kwanza.

Alhamisi, 9 Februari
Nimepata chumba Kihesa, kwa Bwana Saulo, fundi seremala, mzee wa kanisa la Kilutheri. Pombe hakuna. Dansi hakuna. Kumbe ana watoto watano na nyundo tatu. Watoto wanacheza mpira chini ya dirisha langu. Bwana Saulo akigonga misumari huimba, na akiacha kugonga haachi kuimba. Mtihani umebaki siku sita.

Jioni nimetafakari. Safari hii nisimguse mtu mwingine. Uongo uwe wangu mwenyewe, juu ya watu wangu mwenyewe, usimuumize mtu wa hapa. Nimemwendea Bwana Saulo karakanani, nimeinamisha kichwa, nimesema nimepata simu ya maandishi kutoka Tukuyu. Mama yangu amefariki. Naomba tu ukimya.

Nyundo imemponyoka. Amenikumbatia, ana maranda ya mbao mpaka kwenye nyusi. Watoto wameambiwa wavue viatu. Usiku wote nyumba ilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Nimemaliza historia yote.

Jumamosi, 11 Februari
Siku mbili za kimya. Mke wa Bwana Saulo ananiletea uji akinyata. Mtoto mdogo, Sedekia, wa miaka minne, ameniachia mpira wake mlangoni niwe nao mpaka nipone.

Nimepita Mlandege kununua wino. Dirisha la Mama Verediana lilikuwa wazi. Marcelino yuko ndani, bila shaka ameshajua kodiani hailii yenyewe, amehamia chumba changu, anajifunza kuipiga. Anakosea, Mama anamwimbia sehemu iliyokosewa, anarudia. Akina mama wawili wa rozari wako kizingitini wanamenya maharage. Nimesimama nyuma ya mti muda mrefu kidogo. Marcelino ameniona, amenifuata nje. Sikutaka maswali. Nimemwambia nimefiwa. Amevua kofia.

Jumapili, 12 Februari
Wamekuja watu thelathini na wanne.

Bwana Saulo alitangaza kanisani. Marcelino alitangaza Mlandege. Tangu saa nane wamejaa uani, sebuleni, na chumbani kwangu wamekaa sita juu ya kitanda. Kwaya nzima imekuja. Wanaimba sauti nne. Bwana Kalinga amekuja na shemeji zake wote saba, hawajanywa, wamechana nywele. Vitabu vyangu vimepangwa chini ya kitanda ili mabakuli yapate nafasi.

Kisha ameingia Mama Verediana. Ametembea kwa miguu kutoka Mlandege, kapu la mchele wa Madibira kichwani. Watu wamempisha. Amekaa karibu nami mkekani, ameshika mkono wangu. Nimesikia Paskalina akimnong'oneza kwamba kijana huyu ni mwongo, ana uhakika gani kwamba amefiwa kweli. Mama amejibu bila kugeuka, "Uongo mwingine sawa. Juu ya mama mzazi hakuna awezaye."

Hapo nimelia. Sikupanga. Nimemwona mama yangu kule mlimani, amelala, amefunikwa, na mimi siko. Barua yake ya mwisho ni ya Desemba. Sijaijibu. Nimelia mpaka pua imeziba, na Mama Verediana amenifuta kwa ncha ya kitenge chake. Watu wamesema nilie tu, ni vizuri.

Basi Bwana Saulo akasimama. Amesema chuo kimenipa ruhusa ya wiki mbili, yeye mwenyewe ameiomba kwa Mwalimu Mkuu. Basi la Mbeya linaondoka kesho alfajiri. Atanisindikiza mpaka kaburini, asiniache peke yangu. Mama Verediana amenivisha koti la Liberatus, kwa sababu ya baridi ya Tukuyu. Linanitosha kabisa. Mikono imeingia sawa.

Mtihani ni Jumatano.

Bado wako nje, wanaimba ubeti wa mwisho. Naandika nimejificha stoo, katikati ya mbao. Kusema kweli ningeweza. Ni hatua ishirini kutoka hapa mpaka mkekani. Lakini nimewaza, kuna njia ambayo haitamwaibisha mtu. Wakitawanyika nitamwambia Bwana Saulo kwamba simu ile ilikosewa herufi. Aliyefariki si mama, ni shangazi, na shangazi wameshamzika.

Shangazi mwenyewe sina, kwa hiyo safari hii hakuna atakayeumia.