Upawa Wangu Haujaajiriwa na Ukumbi Wenu

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Sherehe,

Mwanangu Meneja,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungeniona ungeniamkia, kwa hiyo marahaba.

Mimi ni bibi yake yule binti anayewachongea maboga ya kupamba mlangoni. Shule sikuiona hata kwa dirishani, kwa hiyo anayeandika ni mkwe wangu, baba yake binti, fundi cherehani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Akilainisha neno hata moja, chai hapati.

Nalalamika juu ya vifaa.

1. Kile kiboksi chenu cha visu. Nimekifungua mwenyewe. Ndani kina kitambaa laini kama cha pete ya uchumba, na visu vyenyewe ni vya kuchongea nyanya na karoti. Mwanangu, boga mlilompa binti lililetwa kwa toroli, wanaume wawili wanasukuma huku wanagombana. Ulitaka alichokonoe meno? Kisu cha kwanza kilikatikia kwenye ganda, ncha haijaonekana mpaka leo. Cha pili kilimrukia kidole gumba. Hapo sikucheka. Kidole kile nilikitoa miiba kabla hakijajua kushika kijiko.

2. Ndipo akaja na boga lake jikoni kwangu, akachukua upawa wangu wa chuma. Upawa huo umekwangua masufuria miaka na miaka mpaka ukingo umekuwa mkali, unakomba matumbo ya boga kama unafuta meza. Sawa, hongera yake. Lakini mimi sasa napakua kwa kikombe, na mchuzi nusu naunywesha gauni.

3. Msumeno. Ulikuwa wa marehemu mume wangu, seremala. Ni mwembamba, unajua kukata kona. Binti anaulaza anapokata kifuniko, ili kisije kikadumbukia ndani. Marehemu hakuniruhusu mimi hata kuugusa, alisema nitaukatia kuni. Leo una mbegu za boga katikati ya meno! Nataka ukumbi umwombe radhi marehemu, kwa maandishi, na mhuri uonekane.

4. Chaki ya huyu mkwe. Binti anachorea macho na midomo. Juzi alijaribia sura moja kwenye kitambaa kilichokuwa juu ya meza ya cherehani, na mkwe, kwa mazoea yake ya kukata palipochorwa, akakata. Suruali ya mteja sasa inacheka kwa nyuma.

(Mkwe ameacha kuandika kidogo. Haya, ameendelea.)

5. Nafasi. Boga limekalia mahali pangu. Binti anakaa sakafuni, anachonga, ananieleza nani kavaa nini huko ukumbini na nani kamnunia nani, tunacheka mpaka jioni, chai yangu yote ananimalizia. Usingizi wangu wa mchana umekufa na haujazikwa.

Kwa hiyo chagua. Ama mnunue vifaa vya boga, si vya saladi: msumeno mwembamba, patasi, na kijiko cha chuma chenye makali. Ama jikoni kwangu kuwe tawi la ukumbi: kibao mlangoni, upawa upewe likizo, msumeno upewe kiinua mgongo, na mimi niitwe Mkuu wa Vifaa, kiti changu kiwe cha magurudumu. Usipojibu nitakuja mwenyewe nikae pale mlangoni mahali pa boga, wageni wako wanitazame sura. Na sitacheka.

Wasalimie wapishi, mlinzi wa geti, na mama anayefagia, mwambie maganda asiokote kwa mkono, ncha ya kisu bado haijapatikana. Msalimie na mama yako. Kuzaa amezaa, kukukanya ndiko kumebaki, na mimi nipo.

Ni mimi, bibi wa binti na wako pia,
Mwenye Upawa
(Hilo doa ni dole gumba langu. Weusi wake ni masizi, usifute.)

Tanbihi: Mkwe amenisomea barua yote, na alipofika namba tano nimemwambia airudie. Kabla ya maboga, binti alikuwa akinisalimia mlangoni bila kuvua viatu, anakimbilia kazini. Ukimnunulia vifaa vyake atachongea huko huko. Kwa hiyo, mwanangu, usinunue kitu. Kikombe kinapakua vizuri tu, na marehemu nitaongea naye mwenyewe. Ila boga hili linakaribia kwisha. Lete jingine, tena kubwa zaidi. Kama halitapita mlangoni usihangaike, nimeshamwambia mkwe aung'oe mlango.