Kichwa cha Kondoo Kimepoa kwa Ajili ya Utafiti

Kijiji cha Ak-Jar,
Mkoa wa Naryn,
Tarehe 29 Januari.

Kwa Mwalimu Mheshimiwa Kanybek Asanovich,
Mkuu wa Idara ya Elimu ya Siasa,
Chuo Kikuu, Bishkek.

YAH: OMBI LA KUMVUA BINTI YANGU UTAFITI

Mwalimu wetu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama theluji iliyo juu ya paa letu, nayo mwaka huu si haba. Anakusalimu mume wangu Mamyrkul, ingawa siku hizi hasemi sana, na sababu utaisoma hapo chini. Anakusalimu mama mkwe wangu, Bibi Sairakan, ambaye miguu inamsumbua lakini ulimi ni mzima kabisa. Anakusalimu Kubat, mwanangu wa kwanza, ambaye kwa ajili yake ninaandika. Angekusalimu pia Aizirek, mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, ila hajui kama nakuandikia, nami nakuomba asijue. Ng'ombe wote wanne hawajambo. Mimi mwenyewe Anarkan ni mzima, isipokuwa moyo kwenda mbio, na hilo lilianza Jumapili ya wiki iliyopita, saa nane mchana, kwa makosa ya idara yako.

Nisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, nikaenda kukama. Lakini mtu hahitaji darasa la tisa kujua kwamba nyumba yake inaungua.

Mwalimu, tulikuletea mtoto mwezi wa tisa. Alikuwa msichana wa kawaida, mpole, anakula, akiambiwa jambo anasema "Haya, Mama." Mmenirudishia kwa likizo mtu mwingine. Nayaandika malalamiko yangu kwa namba, maana nimesikia huko kwenu jambo lisilo na namba halisomwi.

1. Mlimfundisha kuandika kila analosikia. Ana daftari, ana vikadi, ana kalamu tatu za rangi. Tarehe tatu, Bibi Sairakan alisema chai ya mke wa jirani yetu Esen ni kama maji ya kuoshea vikombe. Mwalimu, kijiji kizima kimewahi kusema hivyo, ni kama kusema kuna baridi. Aizirek akaandika. Siku ya pili mke wa Esen akaja na birika lake, Bibi akaonja, akasifu. Mtoto akafungua daftari: "Bibi, jana ulisema tofauti. Msimamo wako umebadilishwa na nini?" Bibi akasema umebadilishwa na uzee. Mke wa Esen akaondoka na birika.

2. Mlimfundisha vyanzo. Nilimwambia asitoke na nywele mbichi, atapata homa ya ubongo. Akauliza, "Chanzo chako ni kipi, Mama? Vipatikane angalau vitatu." Mimi nisishindwe, nikamwita mke wa Esen, nikamwita na dada yake, wote wawili wakathibitisha. Aizirek akawahoji kwa upole, mmoja mmoja, kwenye ghala la majani, kisha akarudi kuniambia kwamba hicho ni chanzo kimoja tu, kwa kuwa wote wawili walisikia kwangu. Akatoka na nywele mbichi. Hakupata homa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

3. Mnamfundisha kusoma kitabu kuanzia mwisho. Anasema anatafuta hitimisho kwanza, akiona lina maana ndipo anarudi mwanzo. Haya, vitabu ni vyenu. Lakini baba yake alikaa siku nne akitunga mwaliko wa harusi ya Kubat, kurasa mbili, ameanza na mababu saba kama inavyopasa. Binti akausoma kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ni refu. Hoja iko wapi?" Mamyrkul akasema, "Hoja ni kwamba mwanangu anaoa!" Akajibiwa, "Basi iweke sentensi ya kwanza, Baba."

4. Hili naliandika kwa aibu. Alichunguza nani anatawala nyumba yetu. Wiki mbili alikaa pembeni kimya na vikadi vyake, nami nikidhani anajisomea. Kumbe anahesabu. Matokeo akayasema mezani: baba ameamua mambo kumi na tisa, na katika hayo kumi na saba mama alikuwa ameshayaamua siku iliyotangulia. Mawili yaliyobaki yanahusu redio. Mwalimu, kila mke hapa analijua jambo hilo, na kila mke analificha, ndiyo maana ndoa zinadumu. Tangu hapo Mamyrkul akitaka kusema neno ananitazama kwanza, halafu anakwenda kutengeneza ua. Ua hauna kasoro tena. Sasa anautengeneza wa Esen.

5. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe.

Jumapili hiyo walikuja wakwe zetu watarajiwa kutoka Kara-Bulak, watu wa Meerim, mchumba wa Kubat, kupanga siku ya harusi. Walikuja wazee tisa pamoja na wanawake wao. Tulichinja kondoo, mnono, wa miaka miwili. Na wewe Mwalimu, najua mama aliyekuzaa alikupikia kama sisi, unajua mambo ya kichwa. Kila mfupa una mwenyewe kwa umri na heshima, na kichwa ni cha mkubwa kuliko wote. Lakini hakiendi kwake moja kwa moja. Kikiletwa, kila mzee anakisukuma kwa mwenzake. "Kaka, hiki chako." "Ah, mbele yako mimi nani?" "Basi apewe Dyikanbai." "Mimi? Mimi nipeni ubavu tu, nitashiba." Kinazunguka hivyo mara tatu, mwisho kinamfikia yule ambaye tangu asubuhi kila mtu alijua ni chake, naye anakipokea kama mtu aliyelazimishwa. Ni dakika kumi tu. Heshima imetimia, watu wanakula.

Aizirek alikuwa na kazi yenu ya likizo. Mlimwambia achague utaratibu wa kufikia maamuzi katika jamii yake. Kabla ya chai aligawa makaratasi, anayaita madodoso, kwa wazee tisa, kisha kwa sisi wanawake kumi na watatu, wao na sisi, tuliokuwa chumba cha pili na jikoni. Nilimruhusu mimi mwenyewe, nakiri. Nilidhani anahesabu watakaolala. Swali lilikuwa moja: "Kwa maoni yako, kichwa cha kondoo apewe nani? Toa sababu. Usiandike jina lako."

Basi kichwa kikaingia, kinatoa moshi, kikaanza kuzunguka vizuri kabisa. Mzee Dyikanbai, babu yake Meerim, miaka themanini na mitatu, alikuwa ndiyo kwanza amesema atashiba kwa ubavu. Binti yangu akasimama: "Wazee wangu, msihangaike. Matokeo tayari."

Akasoma. Karatasi tisa, majina tisa. Mwalimu, kila mzee alikuwa amejitaja mwenyewe.

Na sababu akazisoma! Mmoja: "Kwa kuwa nimetoka mbali," na wote walikuja kwa basi dogo moja. Mwingine: "Kwa kuwa wenzangu hawana meno." Mwingine: "Mwaka jana nilipewa bega, nikanyamaza." Na mmoja aliandika tu: "Ni changu. Sababu ya nini?" Huyo tulimtambua hata bila jina, maana Mzee Dyikanbai alikuwa mwekundu kama kalamu ya Aizirek.

Kisha mmoja akauliza, "Nani hana meno?" Mwenzake akajibu, "Aliyeguswa ndiye anayeuliza." "Na wewe wa bega, si ulinyamaza? Ungeendelea kunyamaza!" "Nilinyamaza kwa heshima, nilidhani nina ndugu hapa, kumbe nina wagombea!" Wakasimama wote tisa, wazee ambao wengine kusimama kwao ni kazi ya watu wawili. Na mtoto wangu, huku nyuma, anaandika! Nikamsikia anasema, "Jamani, bado majibu ya wanawa..." nikamziba mdomo kwa andazi.

Mzee Dyikanbai akavaa kofia yake akasema, "Tunakwenda kwanza tujue mkubwa wetu ni nani. Tukishajua, tutazungumza harusi." Watatu walikataa kupanda basi na wenzao, wakaondoka kwa gari la mbao. Kichwa kikabaki juu ya meza, masikio yote mawili yapo, kimepoa.

Leo ni siku ya kumi na moja, hawajaleta neno. Meerim anamwandikia Kubat kwamba babu yake anakula peke yake akitazama ukuta, na hakuna anayethubutu kutaja harusi. Kubat amekonda. Anasimama langoni na simu mkononi kama mti uliopandwa hapo. Ana miaka ishirini na saba, Mwalimu, na msichana huyu anampenda kweli, anacheka hata kwa vichekesho vyake. Wa namna hiyo hatapatikana wa pili.

Kwa hiyo, kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Mumwondolee Aizirek utafiti wote, mumwachie siasa tu. Siasa haina shida, hata Esen anaifanya bila kusoma.

(b) Kama utafiti hautoki, basi mumpe ule wa mambo ya mbali. Kuna nchi nyingi. Achunguze Ureno.

(c) Uandike barua yenye mhuri, mkubwa kadiri mtakavyoweza, iseme kwamba matokeo ya Jumapili ile ni batili, karatasi zilichanganyika, na kwamba kila mzee wa Kara-Bulak alimtaja mwenzake. Ni uongo mdogo, nami nitauombea msamaha kwa niaba yako.

(d) Kama uongo hauruhusiwi chuoni, basi njoo mwenyewe. Nimelifikiri sana hili. Wao tisa hawatakubaliana kamwe, lakini mgeni mkubwa kutoka mji mkuu, mwenye cheo, atawazidi wote. Utakaa mahali pa heshima, mbali na mlango, utapokea kichwa, utakata sikio umpe mtoto wa karibu, na aibu itakwisha. Nitachinja mwingine. Watu wa idara yako wote waje pia, kila mmoja nitamtafutia mfupa. Mtakuwa mnakuja hivyo katika kila karamu ya ukoo wetu, kwa muda wote Aizirek atakaosoma, yaani miaka minne, na kama ataendelea na shahada ya pili, sita. Mlichokivunja mkishike.

Vaa soksi za sufu, barabara ya mlimani ina baridi mbaya. Nimempa dereva anayekuletea barua hii mfuko wa jibini kavu kwa ajili yako na mkeo. Na niambie kwa siri, mtoto huyu akiwa huko anakula? Ameniambia anakula, lakini sina chanzo kingine.

Wasalimie walimu wote, wasalimie wenye kulinda mlango, wasalimie wanaopika bwenini, wasalimie wazazi wako kama wako hai, na kama hawako, Mungu awape nuru. Tafadhali niletee jibu upesi, kabla Kubat hajaota mizizi.

Mimi mama yake, kwa heshima na wasiwasi,
Anarkan, mke wa Mamyrkul.

NYONGEZA: Mwalimu, dereva yuko nje anakunywa chai, na barua nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena. Tafadhali usifanye lolote katika niliyoyaandika hapo juu.

Sasa hivi amepiga simu Bibi Zuurakan, mke wa Mzee Dyikanbai. Hakusalimu hata kidogo. Amesema, "Wewe Anarkan, sisi wanawake tulijaza makaratasi. Majibu yetu yako wapi?" Nikaona aibu. Nikamwita Aizirek, akayatoa kwenye mkoba wake, hakuna aliyekuwa ameyagusa. Nikamwambia ayasome kwa sauti, na Bibi Zuurakan, aliyekuwa amewaita wazee wote tisa kwake, akaiweka simu yake mezani ili nao wasikie.

Karatasi kumi na tatu, jina moja. Dyikanbai, Dyikanbai, Dyikanbai, mpaka mwisho, na hatukuwa tumeulizana. Sababu zetu pia zilifanana: ni mkubwa kuliko wote, ndiyo desturi, na chakula kinapoa. Upande wa pili wa simu nikamsikia mzee akikohoa, kisha akasema, "Kumi na tatu kwa tisa?" Aizirek akamwambia, "Kumi na nne, Babu, ukijumlisha na yako." Wenzake wakaanza kucheka, yule wa bega ndiye aliyecheka kwanza, halafu wote. Harusi ni tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Kubat ameniinua juu mzimamzima, kiuno kinaniuma.

Kwa hiyo utafiti muache hapohapo ulipo, tena mumwongezee wa mwaka wa pili mapema, kama upo. Nilichokosea si kumruhusu aulize. Nilichokosea ni andazi. Ila nakuomba umfundishe kitu kimoja: siku nyingine aanze kusoma majibu ya jikoni.

Kichwa kimeshapata mwenyewe, lakini nyonga ni mbili, na moja ni yako ukija harusini. Bibi Zuurakan anasema Aizirek aje na makaratasi matupu ya kutosha, wana maswali yao. Jibu upesi kama karatasi zitatoka kwenu au tununue hapa. Dereva anarudi Alhamisi.